Ukoko Ukutani: Historia ya Kupulizia Dawa ya Mbu Majumbani, Tukiitazama kutoka Tungue

Wali ukishapakuliwa, chini ya sufuria hubaki tabaka gumu lililoshikamana na chuma. Tabaka hilo huitwa ukoko. Wataalamu wa afya wa Tanzania walipohitaji jina la Kiswahili la dawa inayopuliziwa kwenye kuta za nyumba na kubaki pale kwa miezi kadhaa ikimsubiri mbu, waliliazima neno hilo la jikoni wakaiita dawa-ukoko. Jina hilo limechaguliwa vizuri, kwa kuwa linataja sifa mbili za dawa yenyewe: hubaki baada ya aliyeiweka kuondoka, na haibaki milele.

Makala haya yanaeleza jinsi dawa-ukoko ilivyotumika kupambana na malaria katika Afrika ya Mashariki na Msumbiji tangu miaka ya 1940. Tutaitazama historia hiyo tukiwa tumesimama Tungue, pwani ambayo kampeni kubwa za kupulizia dawa ziliipita mbali, kusini kwake na kaskazini kwake. Hoja yetu ni kwamba upuliziaji ni jambo la uraia kabla ya kuwa jambo la kemia. Hudumu pale tu ambapo mwenye nyumba hufungua mlango kwa hiari, na aliyepulizia hurudi dawa inapokwisha nguvu.

Tungue ni wapi?

Tungue ni ghuba iliyo kaskazini kabisa mwa pwani ya Msumbiji, katika mkoa wa Cabo Delgado, kusini ya mto Ruvuma unaoitenga nchi hiyo na Tanzania. Waswahili huiita Tungi. Tungue ni maandishi ya Wareno. Mji wake mkubwa leo ni Palma, makao makuu ya wilaya yenye jina hilohilo. Wakazi wa sehemu hizo ni Wamwani, Wamakwe, Wamakonde na wengineo, na Kiswahili kinaeleweka sokoni, baharini na misikitini.

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipopatana kuhusu mipaka ya milki ya Sultani wa Zanzibar, zilisema kwamba ukanda wake wa pwani unaanzia mto Minengani, kwenye ghuba ya Tungi, hadi Kipini, ambayo sasa imo nchini Kenya. Ureno haikuridhika. Mwezi Februari 1887 manowari zake ziliishambulia Tungi na kuitwaa. Mwaka 1891 serikali ya Ureno ilitoa hati kwa kampuni ya kibiashara, Companhia do Niassa, itawale eneo lote la Niassa na Cabo Delgado. Utawala wa kampuni hiyo ulikoma mwaka 1929. Njia yake kuu ya kupata fedha ilikuwa kodi ya kibanda pamoja na kazi za kulazimishwa.

Tuikumbuke kodi hiyo, kwa sababu itatusaidia mbele. Ili kuitoza, mtumishi wa dola alipaswa kufika kijijini, kuzihesabu nyumba na kuandika nani analala wapi. Mpuliziaji wa dawa naye huanza kazi kwa kuzihesabu nyumba. Mwanakijiji ambaye babu yake alihesabiwa ili alipishwe, ana sababu ya kuuliza anahesabiwa kwa ajili gani.

Mbu, ukuta na jirani

Tarehe 20 Agosti 1897, daktari Ronald Ross, aliyekuwa akifanya kazi Secunderabad nchini India, aliviona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu wa jamii ya Anopheles. Tangu hapo ilifahamika kwamba kumpiga vita mbu ni kuipiga vita malaria. Swali likawa ni wapi pa kumpatia.

Jibu moja lilitokana na tabia ya mbu mwenyewe. Mbu jike huhitaji damu ili mayai yake yapevuke. Mbu wa aina ya Anopheles gambiae na Anopheles funestus mara nyingi huuma usiku ndani ya nyumba, na wakishashiba huwa wazito, hivyo hutua kwenye ukuta ulio karibu ili wapumzike. Katika miaka ya 1930, huko Natal nchini Afrika Kusini, vibanda vilianza kupuliziwa dawa iliyotengenezwa kwa maua ya pareto. Dawa hiyo iliua mbu waliokuwamo ndani wakati ule, lakini nguvu yake haikudumu, na kazi ilipaswa kurudiwa mara kwa mara.

Mwaka 1939 mkemia wa Uswisi, Paul Müller, aligundua kwamba kemikali iitwayo DDT huua wadudu wanaoigusa, na hubaki na nguvu kwa miezi. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Sasa ukuta wenyewe uliweza kufanywa mtego. Chumba kilichopuliziwa mara mbili kwa mwaka kiliweza kuua mbu katika sehemu kubwa ya mwaka.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hawalifahamu, nalo ndilo kiini cha somo letu. Vimelea vikiingia ndani ya mbu, huhitaji muda wa siku kumi hivi au zaidi kukomaa kabla ya mbu huyo kuweza kumwambukiza mtu mwingine. Katika siku hizo mbu huuma na kupumzika mara kadhaa, na kila anapopumzika kwenye ukuta wenye dawa huwa hatarini. George Macdonald, mtaalamu wa malaria wa Uingereza, alionyesha kwa hesabu katika miaka ya 1950 kwamba kufupisha maisha ya mbu waliokomaa hupunguza maambukizo kuliko kupunguza idadi yao kwa kiasi kilekile.

Matokeo yake ni haya: mbu anayekufa ukutani kwangu mara nyingi ameshaniuma. Dawa ya ukuta wangu haikuzuia damu yangu kunyonywa. Imezuia mbu huyo asiishi hadi siku ambayo angempelekea ugonjwa mtoto wa nyumba ya pili. Nami hulindwa na ukuta wa jirani. Ndiyo maana wataalamu hutaka angalau nyumba nane katika kila kumi za eneo zipuliziwe. Chandarua humlinda zaidi yule anayelala ndani yake, ilhali dawa-ukoko ni mkataba wa kijiji kizima.

Kampeni tatu na mwisho wake

Mwishoni mwa mwaka 1950 wataalamu wa malaria walikutana Kampala, nchini Uganda, chini ya Shirika la Afya Duniani. Mjadala wao ulikuwa mkali. Baadhi, akiwamo daktari Donald Bagster Wilson wa Tanganyika, walitahadharisha kwamba katika maeneo ambako watu huumwa na mbu wenye vimelea mwaka mzima, watu wazima hujenga kinga ya mwili kwa gharama kubwa ya maisha ya watoto wachanga. Je, dawa ikipuliziwa miaka michache kisha ikaachwa, ugonjwa hautarudi kwa watu waliokwisha kupoteza kinga hiyo? Wengine walijibu kwamba haiwezekani kuwaacha watoto wafe ili wakubwa wabaki na kinga. Wenye kujibu hivyo ndio walioshinda, lakini swali la Wilson halikufa.

Wilson mwenyewe alisimamia jaribio kubwa la kwanza katika eneo letu, mradi wa Pare na Taveta, kwenye mpaka wa Tanganyika na Kenya. Kuanzia mwaka 1955 hadi 1959 nyumba zilipuliziwa dawa iitwayo dieldrini. Anopheles funestus alitoweka katika eneo lililopuliziwa, na idadi ya watoto waliokuwa na vimelea ilipungua sana. Hata hivyo, kunguni walipata usugu dhidi ya dawa hiyo. Kwa mtaalamu, kunguni si lolote katika hesabu ya malaria. Kwa mwenye nyumba, kunguni ndiye mdudu anayemwona kila asubuhi, na dawa isiyomuua huonekana kuwa dawa hafifu. Upuliziaji ulipokoma mwaka 1959, mbu na vimelea vilirudi hatua kwa hatua katika miaka iliyofuata.

Kampeni ya pili ilikuwa ya Zanzibar. Mwaka 1955 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpango wa kutokomeza malaria duniani, na kuanzia mwaka 1958 Unguja na Pemba zilipuliziwa dawa kwa utaratibu. Kazi iliendelea hata baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Kufikia mwaka 1968 watu waliokutwa na vimelea walikuwa wamepungua hadi chini ya asilimia 10, ilhali kabla ya hapo walikuwa zaidi ya nusu. Mwaka huohuo upuliziaji ulisimamishwa, na malaria ikarudi kwa nguvu katika miaka ya 1970. Ilibidi kizazi kizima kipite kabla ya visiwa hivyo kuianza kazi upya: dawa mseto mwaka 2003, kisha vyandarua vyenye dawa, na upuliziaji kuanzia mwaka 2006. Mara hii mafanikio yamedumu kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa ufuatiliaji wa wagonjwa haukuachwa na aina ya dawa ilibadilishwa mbu walipoanza kupata usugu.

Kampeni ya tatu ni ya karibuni. Katika wilaya kumi za kaskazini mwa Uganda, eneo lililokuwa likitoka katika vita, nyumba zilipuliziwa kwa miaka kadhaa na malaria ikapungua sana. Mwaka 2014 upuliziaji ulikomeshwa huko na kuhamishiwa wilaya nyingine. Mwaka 2015 wagonjwa walifurika tena vituoni.

Kampeni zote tatu zilikuwa na dawa iliyofanya kazi, na katika zote tatu ugonjwa ulirudi baada ya wapuliziaji kuondoka. Tahadhari ya Kampala haikuwa sababu ya kutoanza. Ilikuwa sababu ya kuuliza, kabla ya kuanza, kazi itaendelezwa na nani.

Kusini na kaskazini ya Msumbiji

Nchini Msumbiji upuliziaji wa DDT ulianza katika miaka ya 1940 upande wa kusini, katika bonde la Limpopo na sehemu za karibu na Lourenço Marques, mji ambao sasa ni Maputo. Katika miaka ya 1960 jaribio la kutokomeza malaria nalo lilifanyika kusini. Wakati huohuo Cabo Delgado ilikuwa imeingia katika historia nyingine: tarehe 25 Septemba 1964 FRELIMO ilianzisha vita vya ukombozi kwa shambulio la Chai, katika mkoa huo. Uhuru ulipatikana tarehe 25 Juni 1975, lakini kuanzia mwaka 1977 hadi 1992 nchi iliingia katika vita vingine vilivyoharibu zahanati na barabara.

Mwaka 1999 Msumbiji, Afrika Kusini na Swaziland, ambayo sasa huitwa Eswatini, zilikubaliana kushirikiana katika milima ya Lubombo, inayopita katika mipaka ya nchi hizo tatu. Kuanzia mwaka 2000 nyumba za mkoa wa Maputo zilipuliziwa, na baadaye sehemu za Gaza. Kwa kuwa Anopheles funestus wa huko alikuwa tayari sugu kwa dawa za jamii ya pareto ya kiwandani, ilitumika dawa ya jamii nyingine. Wagonjwa walipungua pande zote za mpaka. Mradi huo ulikoma mwaka 2011. Kuanzia mwaka 2007 upuliziaji mwingine, uliogharimiwa na Marekani, ulifanyika Zambezia, katikati ya nchi.

Msomaji atambue ramani inayojitokeza. Kusini kulikuwa na jirani tajiri aliyetaka mpaka wake uwe salama, hivyo dawa ilivuka mpaka. Kaskazini, mto Ruvuma nao ni mpaka, na watu, samaki na mbu huuvuka kila siku, lakini mradi wa ukubwa wa Lubombo haukuanzishwa hapo. Tungue ilibaki katikati ya Zanzibar na Maputo, mbali na kote kuwili. Kinga yake kuu ikawa chandarua. Msumbiji iligawa vyandarua kwa nchi nzima katika miaka ya 2016 na 2017, na katika pwani ya Cabo Delgado baadhi yake viliishia kuvulia samaki wadogo. Anayelaumu jambo hilo aulize kwanza familia ile ilikuwa na nini cha kula.

Hodi

Kwa desturi ya Waswahili, mtu haingii nyumbani mwa watu bila kubisha hodi na kusikia karibu. Upuliziaji huomba zaidi ya karibu ya kawaida. Mwenye nyumba hutakiwa atoe nje chakula, vyombo na matandiko, asogeze vitanda mbali na kuta, asubiri nje kwa muda wa saa mbili, kisha afagie wadudu waliokufa. Mgeni aliyevaa barakoa na glavu, mwenye pampu mkononi, huingia hadi chumba cha kulala cha mama wa nyumba. Hakuna huduma nyingine ya umma inayoingia ndani kiasi hicho.

Kaskazini mwa Msumbiji hodi ya namna hiyo imewahi kukataliwa. Kipindupindu kilipoenea, watu waliotumwa kutia klorini kwenye maji walituhumiwa katika vijiji kadhaa kwamba wanaleta ugonjwa wenyewe, na baadhi yao walishambuliwa. Mwanasosholojia wa Msumbiji, Carlos Serra, aliyachunguza mambo hayo katika kitabu chake *Cólera e catarse* cha mwaka 2003. Uvumi ule ulikuwa wa uongo, nao ulidhuru watu wasio na hatia. Hata hivyo haukuota mahali patupu. Penye dola inayoonekana kwa nadra, na inayokumbukwa zaidi kwa kodi na amri, watu huisoma kila pampu kwa kumbukumbu hiyo.

Pia kuna kukataa kwenye hoja. Mwaka 2008 serikali ya Uganda ilianza kupulizia DDT katika wilaya za Apac na Oyam. Kampuni zilizokuwa zikiuza nje pamba iliyolimwa bila kemikali zilikwenda mahakamani, zikihofia kwamba mazao yatakataliwa na wanunuzi, na upuliziaji ule ukasimamishwa. Sheria ya kimataifa ilikuwa upande wa serikali, kwa kuwa Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 unaruhusu DDT kwa kazi ya kuua wadudu waenezao magonjwa. Lakini mkulima anayetunza pamba yake ndani ya nyumba ileile anayolala alikuwa na swali halali: ni nani atakayefidia hasara? Swali kama hilo hujibiwa kabla pampu haijajazwa.

Nyumba iliyopo na nyumba isiyokuwapo

Dawa-ukoko huhitaji ukuta, na Tungue ukuta umekuwa jambo gumu. Nyumba nyingi za kaskazini mwa Cabo Delgado ni za fito na udongo, zikiezekwa makuti au nyasi. Udongo hunyonya dawa, hivyo nguvu yake hupungua upesi kuliko kwenye mbao au ukuta uliopakwa rangi. Mwenye nyumba akiukandika ukuta wake upya, jambo la usafi na la sifa, huizika dawa chini ya udongo mbichi. Zaidi ya hayo, mvuvi anayelala dagoni visiwani, au mkulima anayelinda shamba lake dhidi ya nguruwe usiku kucha, huumwa mahali pasipo na ukuta wowote.

Kisha vikaja vita vya sasa. Tarehe 5 Oktoba 2017 wapiganaji waliishambulia Mocímboa da Praia, kusini ya Tungue, na tarehe 24 Machi 2021 Palma yenyewe ilishambuliwa. Mamia ya maelfu ya watu wa Cabo Delgado walizihama nyumba zao. Waliokimbia walilala chini ya maturubai, au walisongamana katika nyumba za ndugu. Hema la plastiki halina ukuta wa kupulizia kwa namna iliyozoeleka, na orodha ya nyumba iliyoandikwa mwezi huu haifai mwezi ujao. Hata kabla ya shambulio la Palma, ugunduzi wa gesi asilia uliotangazwa mwaka 2010 ulikuwa umeshahamisha familia za rasi ya Afungi na kuzipeleka katika kijiji kipya cha Quitunda. Nyumba za pwani hii zimehesabiwa mara nyingi katika miaka hii, kwa sababu mbalimbali.

Watu wanaorudi sasa wanajenga upya. Siku wapuliziaji watakapopanga kufika Tungue, raia watakuwa na haki ya kuuliza mambo manne. Dawa hii ni ya aina gani, na je, mbu wa hapa wamepimwa usugu? Wapuliziaji ni vijana wa hapa wanaobisha hodi kwa lugha yetu? Fedha zimepatikana kwa misimu mingapi? Na msimu wa mwisho utakapofika, zahanati itakuwa na vipimo na dawa za kutosha kuugundua ugonjwa unaporudi? Kuuliza hivyo si kuikataa dawa. Wazazi wa Zanzibar wa mwaka 1968 na wa kaskazini mwa Uganda wa mwaka 2014 wangefaidika sana kama swali la tatu na la nne yangejibiwa mapema.

Nao wenye pampu wana haki ya kumuuliza raia jambo moja: je, yuko tayari kutoa vyombo vyake nje na kusubiri saa mbili kwenye jua, kwa ajili ya mtoto wa jirani?

Maswali ya mjadala darasani

1. Eleza kwa maneno yako kwa nini neno "ukoko" linafaa kuwa jina la dawa hii. Je, lugha yako ya kwanza ina neno linalolingana nalo?
2. Mwandishi anasema kwamba dawa-ukoko ni "mkataba wa kijiji kizima". Toa sababu anazozitaja, kisha sema kama unakubaliana naye.
3. Familia moja katika mtaa inakataa kupuliziwa. Je, majirani wana haki ya kuilazimisha? Jadilini katika makundi mawili yanayopingana.
4. Tunga sentensi mbilimbili kwa vitenzi hivi: kupulizia, kukandika, kuezeka, kubisha hodi.